Karatasi Hii Kailipia Nani?

Tanga ilijua gazeti mapema kuliko ilivyojua chama cha wafanyakazi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wajerumani walipokuwa bado wanatawala, shule ya serikali ya hapa mjini ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na humo likatoka Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililosomwa na makarani na walimu. Walowezi nao walikuwa na lao la Kijerumani, Usambara-Post. Reli ilikuwa imeshafika Muheza na kuendelea bara, mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa umeshaenea mashambani, na katika magazeti hayo mawili hakuna hata moja lililokuwa mali ya watu waliokuwa wakiukata.

Nayasema haya kwa sababu nimeishi umri wangu wote Ngamiani, ng'ambo ya reli, katika barabara zetu zinazohesabiwa kwa namba, na karibu kila nilichojifunza kuhusu haki ya mfanyakazi kilinifikia kwenye karatasi ya mtu fulani. Baba yangu hakujua kusoma. Kabla ya kuja mjini kutafuta kazi ya bandari alikuwa korona, katika shamba moja la mkonge njia ya Muheza, akilisha majani kwenye mashine ya kutoa singa. Nilipoanza kusoma mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Kila nilipoleta karatasi, iwe tangazo la kazini au gazeti, aliuliza kwanza: "Hii kailipia nani?" Akishajibiwa ndipo alipokaa vizuri kusikiliza.

Swali hilo alitoka nalo shambani. Wakati wake mtu wa mkonge alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ilihesabiwa pale tu mnyapara alipotia alama. Wakataji walipimwa kwa matita ya majani 30, wakapangiwa idadi ya matita kwa siku. Ukiumwa, au mvua ikikukatiza, au mnyapara akisema tita lako limepungua, siku hiyo haiandikwi. Na kadi isipojaa, mshahara haupo. Wengi walikuwa manamba waliochukuliwa kutoka mbali na ofisi ya waajiri wenyewe, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Kipande ndicho kilichokuwa andiko la kwanza la kazi ambalo baba alilishika mkononi, na lilikuwa likisomwa na yule anayelipa, si yule anayelipwa.

Vyama vilianza na wenye kalamu. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake wa serikali waliunda hapa hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika, na historia inawapa heshima yao. Lakini kuli wa bandarini hakuwa na chama wala gazeti. Agosti 1939, makuli wa Tanga waligoma wiki chache tu baada ya wenzao wa Dar es Salaam, na askari wakaletwa kuwakabili. Wakati huo Dar es Salaam palikuwa na Kwetu, gazeti la Erica Fiah, Mganda aliyelianzisha mwaka 1937 kwa nguvu zake mwenyewe, bila serikali wala misheni. Kwangu mimi Fiah ni mmoja wa watu ambao watoto wa shule wangepaswa kulijua jina lao kama wanavyolijua la Shaaban Robert wa kwetu.

Hata hivyo habari iliyompendeza baba kuliko zote haikuwa ya gazeti. Ilikuwa ya Mombasa. Binamu yake alikuwa kuli huko Januari 1947, mji mzima ulipogoma, na alizoea kusimulia jinsi watu walivyokuwa wakikutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni. Waligoma watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wa majumbani. Mchana habari zinatolewa uwanjani: nani amerudi kazini, serikali imesema nini, kesho itakuwaje. Humo ndimo kilimozaliwa chama cha African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa sauti yake mpaka alipokamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini. Binamu wa baba alisema Kiembeni ndipo alipojua kwamba mtu wa reli analipwa tofauti na yeye, na kwa nini. Hakuna karatasi iliyohitajika. Palihitajika uwanja, na watu wanaoruhusiana kuuliza.

Kwetu Tanganyika, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na watu wa mkonge wakapata chama chao cha mashambani. William Friedland, Mmarekani aliyevichunguza vyama hivi, kitabu chake cha mwaka 1969 alikipa jina la Kiswahili, Vuta Kamba, na ndivyo ilivyokuwa hasa: mwaka 1958 mashamba ya mkonge ya huku yalitikiswa na migomo mfululizo. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa la vyama huru, ICFTU, lilifungua Kampala chuo cha wafanyakazi wa Afrika. Vijana wa vyama walikwenda huko wakarudi wanajua kuandika mahesabu ya chama na kukaa mezani na mwajiri. Fedha zilitoka nchi za Magharibi, wakati dunia imegawanyika pande mbili. Elimu ilikuwa nzuri. Mfuko ulikuwa wa mtu mwingine. Baba angeuliza swali lake.

Uhuru ulipokuja, kamba iliendelea kuvutwa, safari hii na serikali yetu wenyewe. Sheria za mwaka 1962 ziliubana mgomo. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa watu wa mashamba na rais wa TFL, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walitiwa ndani, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja anakaa pande zote mbili za meza.

Mimi ni mtoto wa NUTA, sitaikana. Ilitupa bendi, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo kwa majina mbalimbali imefika leo ikiitwa Msondo Ngoma. Na sisi watu wa Tanga, wenye Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zetu, hatukuwa wepesi wa kusifu bendi ya Dar es Salaam. Ilitupa pia gazeti, Mfanyakazi. Mwongozo wa TANU, chama tawala, ulipotoka mwaka 1971, nilikuwa kijana wa shule, na jioni nilikaa barazani kwetu barabara ya 14 nikiwasomea wazee waliotoka zamu. Walikuwapo watu wa karakana ya reli, wa bandari, na fundi wa kiwanda cha mbao. Kifungu cha 15 ndicho kilichowasimamisha, kile kinachomkataza kiongozi kuwa na jeuri, ufujaji, dharau na uonevu.

"Soma tena hapo, mwanangu," alisema mzee wa karakana. Nikasoma. Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaipasua taratibu, akanipa ile karatasi nyeupe ya ndani na kalamu ya risasi. "Niandikie hapo. Herufi kubwa, kesho nimsomeshe bosi mwenyewe."

Sijui alimsomesha vipi, maana naye kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. Ninachojua ni kwamba miaka ile, 1971 hadi 1973, wafanyakazi wa viwanda nchini walikitumia kifungu hicho kuwafungia nje mameneja waliowadharau, na Issa Shivji ameyaandika hayo vizuri katika kazi zake. Chama kilichokuwa na gazeti, bendi na makato ya kila mtu hakikuwa mbele yao. Mfanyakazi liliniambia uzalishaji umeongezeka, liliniambia nani amezindua nini, na liliniambia wajibu wangu. Mambo hayo yalikuwa na maana katika nchi changa. Lakini sikumbuki kuona humo hesabu ya mfanyakazi mmoja, wa kiwanda kimoja, ikipigwa hadharani mpaka mwisho: alitakiwa kulipwa kiasi gani, akalipwa kiasi gani, tofauti imekwenda wapi. Ndiyo hesabu ambayo gazeti la mfanyakazi lipo kwa ajili yake, na chama kilichoteuliwa kutoka juu hakingeweza kuipiga.

NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, na baadaye kila sekta ikarudi kuwa na chama chake: TPAWU mashambani, TRAWU reli, DOWUTA bandari, TUICO viwandani, na juu yao TUCTA. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa uhuru wa kujumuika mwaka 2000. Katika miaka hiyo hiyo viwanda vya Tanga vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Kile ambacho nilikuwa katibu wa tawi lake kilifungwa pia, na watu walioagana getini walitawanyika: wengine Sahare kuvua, wengine sokoni Mgandini, wengine wakawa vibarua wa kila kinachotokea. Tulipata uhuru wa vyama wakati watu wa kuvijaza wanapungua.

Darasa letu la haki za wafanyakazi lilianza baada ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kuanza kutumika. Tuliazima chumba cha madrasa Ngamiani, baada ya sala ya isha. Tulikuwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mimi, kijana mmoja aliyesomea sheria, na waliokuja. Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Sheria iliyomhusu mkata mkonge na mfungasha samaki ilikuwa kwa Kiingereza, na fomu za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, zilihitaji mtu wa kumjazia mtu. Ilichukua hadi mwaka 2021 ndipo ikatungwa sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo usiku mmoja tulisoma kifungu, tukakigeuza kwa Kiswahili cha Ngamiani, tukabishana mpaka kila mtu akaweza kukieleza kwa mdomo wake bila karatasi.

Jambo lililolikuza darasa lilikuwa slipu ya mshahara. Mama mmoja wa Duga, kibarua wa siku nyingi katika kiwanda ambacho sitakitaja, alikuja na slipu zake ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, zimekunjwa vizuri mara nne nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Mimi sikuja kusoma sheria. Nimekuja mnisomee hii. Kila mwezi wanakata, sijui wanakata nini."

Mwalimu akazitandaza mkekani kwa mpangilio wa miezi. Sehemu ya makato iliandikwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na katika kila laki ya mshahara zilikuwa zimetoka elfu 10. Tukamweleza: asilimia 10 unatoa wewe, 10 anatoa mwajiri, jumla 20, zinaingia kwenye akaunti yenye jina lako. Kesho yake kijana wetu akamsindikiza ofisi ya NSSF, wakachukua taarifa ya michango. Waliporudi darasani tuliweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Mwalimu alishika rula. Akaiweka chini ya mwezi wa kwanza kwenye slipu, kisha chini ya mwezi ule ule kwenye taarifa. Upo. Mwezi wa pili, upo. Mwezi wa tatu, slipu inasema umekatwa, taarifa haina kitu. Wa nne, haina. Akaendelea hivyo mstari kwa mstari, na chumba kizima kikawa kinaitikia: "Upo." "Haupo." Mama wa Duga hakusema neno mpaka rula ilipofika chini. Kisha akauliza, "Na ya wenzangu je?"

Swali lake ndilo lililomaliza kazi. Juma lililofuata walikuja wenzake, kila mmoja na mfuko wake. Walikwenda NSSF kwa pamoja, wamejipanga kwa majina, nakala zimeambatanishwa, na mwajiri alifuatwa mpaka akaanza kulipa malimbikizo kwa awamu. Mimi niliyezoea mikutano ya tawi yenye hotuba ndefu nilijifunza pale kwamba mtu haelimishwi kuhusu wafanyakazi kwa jumla. Anaanzia kwenye karatasi yenye jina lake, halafu anauliza ya jirani.

Kutokana na ulinganisho ule wa slipu na taarifa ndipo tukaanza karatasi yetu. Haikuwa na jina. Watu waliiita karatasi. Ukurasa mmoja, pande mbili, inapigwa kopi, inabandikwa kwa kinyozi, kwa muuza kahawa, na kwenye mlango wa duka la baiskeli, nyingine zinakwenda Muheza na Korogwe kwa makondakta. Upande wa mbele kisa kimoja kilichomalizika, bila majina ya wahusika, chenye hesabu yote. Upande wa nyuma kifungu kimoja cha sheria na namna ya kukitumia. Toleo lililoombwa zaidi lilihusu siku 30. Mtu akiachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 za kulipeleka shauri CMA, na waajiri wengine walikuwa wakiujua ujanja: "Njoo wiki ijayo, bosi yuko safarini," mpaka siku zinaisha. Tuliandika kwa herufi kubwa: anza kuhesabu siku ile ile uliyoambiwa uondoke, usingoje bosi arudi.

Mwaka 2010, TUCTA ilipotangaza mgomo wa tarehe 5 Mei na Rais Kikwete akahutubia wazee wa Dar es Salaam tarehe 3 kuupinga, redio na magazeti yalijaa habari za nani kamjibu nani. Darasani swali lilikuwa jingine: hiyo shilingi 315,000 ya kima cha chini inayodaiwa na TUCTA imepatikanaje? Tukachukua ubao, tukaandika unga, mchele, nazi, mafuta ya taa, kodi ya chumba, daladala, daftari za watoto, na kila mmoja akataja bei anayonunulia yeye mwenyewe. Hesabu ilipanda hadi ikavuka pale. Watu waliotoka usiku ule waliweza kulitetea dai lile popote, hata mbele ya mwajiri, kwa sababu lilikuwa la kwao.

Karatasi ikipata wasomaji, hupata na wafadhili. Ofisa mmoja wa chama, mtu mwenye heshima zake, alikuja kwa wema kabisa akasema atatulipia kopi za mwaka mzima. Alitaka picha yake ikae juu na salamu zake za Mei Mosi zitoke ukurasa wa mbele. Tuliligeuza jambo hilo mara nyingi. Fedha tulikuwa hatuna. Wakati mwingine karatasi ilikwama kwa sababu ya bei ya wino. Walikuwapo waliosema picha ni picha tu. Mimi nilipinga, na mpaka leo napinga. Kisa kilichokuwa kikingoja kuchapwa mwezi ule kilihusu ada za tawi ambazo hazikuwa na maelezo, tena tawi la chama chake yeye. Mwenye picha juu angeulizwaje chini? Tukamshukuru, tukakataa, tukapitisha kikombe darasani: shilingi 500 kwa anayeweza, 100 kwa asiyeweza. Kikombe kilitosha kopi, hakikutosha zaidi ya hapo. Karatasi ilipungua, kisa kikatoka, na hesabu za tawi zikasomwa mkutanoni kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

Kule Detroit, Marekani, tangu mwaka 1979 kuna jarida la Labor Notes linaloendeshwa kwa imani hiyo hiyo, kwamba mwanachama wa kawaida anaweza kukisema chama chake bila kukihama. Vyama vyenyewe vinapata nguvu kwa hilo. Chama ambacho wanachama wake wanakijua kwa hesabu hakiyumbishwi na mwajiri kirahisi.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilitaka gazeti liwe na leseni, nasi hatukuwa na uwezo wala nia ya kujiita gazeti. Tukaiacha kopi ya kubandika, visa vikawa vinasomwa kwenye mikutano ya matawi, na vijana wakavirekodi kwa sauti kwenye simu. Kwa mtu wa mkonge asiyesoma vizuri sauti imefika mbali kuliko kopi ilivyofika. Kinachokosekana ni ile rula: sauti inasimulia, haikuwekei karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo chumba cha madrasa bado tunakiazima. Siku hizi wanaokuja ni vijana waliopata kazi za ujenzi Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na wanaotoka bandarini tangu gati zilipochimbwa kina na meli zikaacha kushushia mizigo kwenye matishari nje. Wanaleta mikataba ya miezi mitatu, ya kazi maalumu, ya wakala wa wakala. Tunaisoma.

Ninachokidai kwa vyama vyetu kinawezekana mwaka huu huu. Makato ya ada, kwa walimu ni asilimia 2 ya mshahara na vyama vingine havitofautiani sana, yanakwenda juu kabla hayajarudi chini. Sehemu yake, hata ndogo, ibaki tawini kwa ajili ya elimu na habari tu, itunzwe na watu waliochaguliwa na wanachama wenyewe, na kiongozi yeyote wa ngazi ya juu asiwe na sauti juu ya kisa gani kitoke. Mkutano wa mwaka usomewe hesabu yake kwa shilingi. Tawi litakalotaka kuanza, sisi tuko Ngamiani baada ya isha. Waje na slipu zao.